Pachadi ya tango ya Kerala: mwongozo kamili kwa waliojaribu ikawakatikia

Malalamiko ni matatu tu, na ni yale yale kila mara: imekatika, imekuwa maji, imekuwa chungu. Nimewapa watu vipimo, wamevifuata kijiko kwa kijiko, na bado bakuli linafika mezani na chembe nyeupe zinaelea kwenye maji ya kijani. Mwishowe nikaomba kusimama jikoni na mmoja wao nimtazame anavyofanya. Kwenye vipimo hakukosea hata kimoja. Kilichomwangusha ni mazoea. Ni mpishi mzuri wa Pwani: mikono yake ikishika nazi inakamua, na sufuria ikiwa jikoni anaiacha ichemke mpaka mchuzi ukolee. Pachadi haitaki nazi ikamuliwe, na haitaki mtindi uone moto.

Kwa asiyeijua, pachadi ni kitoweo cha pembeni cha Kerala, kusini-magharibi mwa India. Mboga hupikwa kidogo, huchanganywa na nazi iliyosagwa, haradali na mtindi, kisha humwagiwa mafuta ya nazi yaliyokaangiwa viungo. Huliwa na wali, ikiwa vuguvugu au baridi. Nimejifunza kuipika Muscat, kwa jirani yetu wa Thrissur, mji wa Kerala, niliyemwita chechi, yaani dada mkubwa kwa Kimalayalam. Hakuwahi kunipa vipimo. Hivi hapa nimevitoa kwa kumtazama na kwa kuharibu.

Jambo moja kuhusu jina, maana linawapoteza wanaotafuta mapishi. Nyumba nyingi za kusini mwa Kerala huita pachadi ile yenye utamu, ya nanasi au embe, na hii ya tango wakaiita kichadi. Ukipanda kaskazini, majina yanabadilishana. Haihusiani na kichri ya wali na choroko. Na ukifika Andhra, jimbo jingine la kusini mwa India, ukaagiza pachadi, utaletewa kitu kikali cha jamii ya chatini au achari. Basi tazama kilichomo, jina lisikusumbue.

MAHITAJI

Vipimo hivi vinatosha watu 4 hadi 6, kwa kuwa hiki si chakula cha kujaza sahani. Kila mtu anapata vijiko viwili vitatu.

Mboga na mtindi:
- Tango 1 kubwa au 2 za wastani, jumla gramu 300 hivi, gumu na bichi
- Pilipili mbichi 2
- Tangawizi, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba
- Mtindi mzito usio na sukari, kikombe 1 (mililita 250)
- Chumvi, anza na nusu kijiko cha chai
- Maji, robo kikombe

Vya kusaga:
- Nazi iliyokunwa, nusu kikombe, isiyokamuliwa
- Haradali nyeusi au kahawia, nusu kijiko cha chai
- Bizari nyembamba, robo kijiko cha chai
- Maji baridi, vijiko 3 hadi 4 vya chakula

Vya kukaanga mwisho:
- Mafuta ya nazi, kijiko 1 cha chakula
- Haradali, nusu kijiko cha chai
- Pilipili kavu nyekundu 2
- Karipata, majani 8 hadi 10

Haradali kwenye maduka ya Wahindi huitwa rai. Bizari nyembamba huitwa jira. Karipata ndiyo majani ya mchuzi, yale madogo yanayopangana kwenye kijiti kama majani ya mwarobaini. Yakikosekana, acha tu. Usiweke jani la bay badala yake, harufu zao hazikaribiani hata kidogo.

Vyombo: mbuzi ya kukunia nazi, blenda yenye jagi dogo la kusagia viungo (lile kubwa litakutesa, nitaeleza), sufuria ndogo yenye kitako kizito, kikaango kidogo chenye kifuniko, na bakuli la kioo au la udongo. Mtindi una asidi, kwa hiyo usiulaze kwenye sufuria ya alumini.

KABLA YA YOTE: MTINDI GANI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata kabla ya kuwasha jiko. Mtindi wa Kerala ni wa kuganda, unaokatika kwa kijiko kama keki laini. Mtindi wa pakiti unaomiminika kama uji, pamoja na mala ya Kenya, ni mwepesi mno. Ukiutumia kama ulivyo, pachadi itakuwa supu.

Ukiwa na huo mwepesi tu, mimina vikombe 2 kwenye kitambaa safi cha pamba, funga, ning'iniza juu ya bakuli kwa saa 1 hadi 2. Ukifungua utakuta karibu nusu yake imebaki, nzito. Maji yaliyochuja usiyamwage, yanafaa kukandia unga wa chapati.

Epuka kabisa yogati yenye vanila au sukari. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuletewa pachadi ya stroberi kwa bahati mbaya, na nilikula kwa adabu.

Ukitaka kugandisha mwenyewe, chemsha nusu lita ya maziwa, yaache yapoe mpaka uweze kutumbukiza kidole na kuhesabu hadi 10 bila kukitoa. Koroga ndani yake kijiko 1 cha chakula cha mtindi wa jana, funika, usiguse. Dar au Mombasa, saa 5 hadi 6 zinatosha. Nairobi au Arusha wakati wa baridi, kifunge chombo kwa blanketi, ukiache usiku kucha.

Kuhusu uchachu: unataka mtindi uliochacha kiasi, wa siku moja. Ulio mpya kabisa hauna makali, na nazi itaumeza. Wa siku nne ukiwa umechacha sana utafunika haradali.

Utajua mtindi wako unafaa ukiinamisha kijiko nao ukasita kabla ya kudondoka.

HATUA YA 1: Onja tango, kisha likate

Kata ncha ya upande wa kikonyo, ionje. Kama ni chungu, songa mbele sentimita 2 uonje tena. Kama bado ni chungu, litupe tango hilo. Uchungu huo hautoki kwa chumvi wala kwa kupika, na tango moja chungu litaharibu bakuli zima.

Menya ganda, maana matango yetu mengi yana ganda gumu. Pasua katikati kwa urefu na upitishe kijiko kukwangua mbegu ikiwa zimekomaa. Sehemu hiyo ya mbegu ndiyo yenye maji mengi, na maji ndiyo adui wa kwanza leo. Kisha kata vipande vidogo vya nusu sentimita.

Usiparuze. Tango lililoparuzwa linatoa maji yote mara moja na kubaki nyuzi. Ipo pachadi ya Kitamil, thayir pachadi, ambayo mboga huwa mbichi na mtindi haukaribii jiko kabisa. Hiyo unaweza kuparuza. Hii yetu hapana.

HATUA YA 2: Pika tango mpaka liwe kama kioo

Weka sufuriani tango, pilipili mbichi zilizopasuliwa kwa urefu, tangawizi iliyokatwa ndogo sana, chumvi na ile robo kikombe ya maji. Funika, moto wa wastani, dakika 5. Funua, acha lichemke dakika 2 au 3 zaidi maji yapungue.

Kwa nini tulipike, wakati tango huliwa bichi? Kwa sababu zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za tango ni maji. Ukiliweka bichi kwenye mtindi wenye chumvi, chumvi itayavuta maji hayo polepole, na baada ya nusu saa kitoweo kilichokuwa kizito kitakuwa kinaogelea. Kulipika ni kuyatoa maji mapema, yakiwa bado sufuriani ambako yanaweza kukauka.

Onyo: usilipike mpaka lipondeke. Ukibonyeza kipande kwa mgongo wa kijiko kiwe kinakubali kwa shida kidogo.

Limeiva sawasawa likiwa limepoteza weupe na kuwa na mng'ao unaopitisha mwanga, na chini ya sufuria kumebaki maji ya vijiko viwili hivi. Yakiwa zaidi ya hapo, ongeza moto dakika moja. Usiyachuje, ladha ya pilipili na tangawizi imo humo.

HATUA YA 3: Ikune nazi, na usiikamue

Kerala wana kifaa chao kinachoitwa chirava. Mara ya kwanza nilipokiona nilicheka: ni mbuzi yetu, kibao cha kukalia na ulimi wa chuma wenye meno mbele. Kwa hiyo sehemu hii unaijua kuliko mtu yeyote. Tatizo ni kinachofuata.

Kwetu, nazi ikishakunwa, akili inakwenda kwenye kifumbu: maji ya vuguvugu, kamua, chuja, tui la kwanza, tui la pili, chicha kwa kuku. Kwenye pachadi hakuna tui. Unasaga nazi nzima, chicha na mafuta yake pamoja, mpaka iwe laini kama losheni. Chicha ndiyo inayoshika maji ya tango na ya mtindi. Anayeweka tui ameongeza maji na kutupa kitu ambacho kingeyazuia. Mpishi yule niliyemtazama alifanya hivyo hasa: alikamua vizuri, akatia tui zito la kwanza, akashangaa mbona haishiki.

Chagua nazi iliyokomaa, ngumu, yenye maji yanayosikika ukiitikisa. Dafu halina mafuta ya kutosha.

Ikune sehemu nyeupe tu. Ukiona ngozi ya kahawia inaanza kuchanganyika, simama, hata kama kifuu bado kina nyama. Vile vipande vya kahawia havisagiki vizuri, na vinageuza rangi iwe ya vumbi. Chechi alikuwa akizungusha kifuu nyuzi chache kila mkwaruzo, bila kukandamiza, na nazi ilianguka kama theluji ya friza. Mimi nilikuwa nakandamiza kama nakuna ya pilau la harusi. Alinigonga mkono kwa kijiko.

Ukikosa nazi mbichi, nazi kavu ya pakiti isiyo na sukari inafaa. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 20 kwanza, na umwage maji yaliyobaki.

HATUA YA 4: Saga kwa awamu mbili

Hii ndiyo hatua inayoamua kama pachadi itakuwa na ladha au itakuwa chungu, kwa hiyo tulia.

Awamu ya kwanza: nazi, bizari nyembamba na vijiko 3 vya maji baridi. Saga dakika moja, simama, kwangua kingo, saga tena. Maji yawe baridi kwa sababu blenda ikipata joto mafuta ya nazi hujitenga, na badala ya rojo laini unapata uvimbe unaoteleza kwa mafuta. Jagi kubwa linatesa kwa sababu nazi nusu kikombe inarukia kutani na visu vinazunguka hewani, kisha mtu anaongeza maji ili blenda ikamate. Hapo ndipo maji ya ziada yanapoingilia. Ukiwa na jagi kubwa pekee, ni heri uongeze vipimo vyote mara mbili na ualike majirani.

Chukua kidogo katikati ya kidole gumba na cha shahada, sugua. Usihisi punje.

Awamu ya pili: sasa ndipo tia haradali nusu kijiko cha chai. Bonyeza blenda mara 3 au 4, kila mara sekunde moja tu. Basi.

Sababu yake ni hii. Punje ya haradali ikiwa nzima haina ukali. Ukiipasua penye majimaji, vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani yake vinakutana na kutengeneza ule mwasho unaopanda puani. Ukipasua kidogo, unapata mwasho wa kupendeza nyuma ya nazi. Ukisaga mpaka iwe unga, inakuwa kali na chungu, uchungu wa dawa, na hakuna sukari itakayouficha. Karibu kila aliyeniambia pachadi yake ilikuwa chungu alikuwa ametia haradali tangu mwanzo pamoja na nazi, akasaga vyote dakika tatu.

Wenye jiwe la kusagia au kinu, ponda haradali peke yake kwa mapigo machache mpaka ipasuke vipande viwili viwili, kisha uichanganye na nazi. Kwa kinu nazi haitakuwa laini kama ya blenda. Si neno, itakuwa na utafuno kidogo.

Rojo likiwa sawa linakuwa jeupe lenye madoa meusi ya maganda ya haradali. Likinusishwa kwa karibu linachoma pua kidogo. Likiwa kijivu, umesaga mno. Katika hali hiyo tia nusu yake tu kwenye chakula.

HATUA YA 5: Nazi ionje moto, kidogo tu

Rudisha sufuria ya tango kwenye moto mdogo. Tia rojo la nazi, suuza jagi kwa kijiko 1 cha maji umimine nayo. Koroga polepole dakika 2.

Unataka harufu ya ubichi wa nazi iondoke, basi. Mvuke ukianza kupanda na mapovu mawili matatu yakatokea pembeni, zima moto. Ukiiacha ichemke kwa nguvu, nazi itatoa mafuta juu na ule mwasho wa haradali utapotea, maana joto linauua.

Mpaka hapa una kitu kizito, cheupe, kinachosimama kwenye mwiko. Kama bado ni chepesi, usiendelee kwa matumaini kwamba mtindi utakizidishia uzito. Hautafanya hivyo. Kiache kwenye moto mdogo dakika moja zaidi.

HATUA YA 6: Ngoja. Kisha mtindi

Toa sufuria jikoni. Si kuzima moto ukaiacha juu ya jiko, la: iweke chini au kwenye meza ya baridi. Jiko la mkaa na koili ya umeme hubaki na joto muda mrefu baada ya wewe kudhani mambo yamekwisha.

Sasa ngoja dakika 15 hadi 20. Kipimo changu ni kiganja: shika kitako cha sufuria. Ukiweza kukishikilia ukahesabu hadi 10 bila haraka, tayari. Ukitoa mkono kwenye 4, bado.

Mtindi ni maziwa ambayo protini zake zimeshashikana kwa asidi na kutengeneza wavu laini uliobeba maji. Wavu huo ukipata joto kali unajikunja, unabana, na kuyatema maji yake. Hizo ndizo chembe nyeupe, na hayo ndiyo maji ya kijani. Ukishakatika haurudi. Kuna vitoweo vya Kerala ambavyo mtindi hupashwa moto, kama pulissery, na wapishi wake hukoroga bila kusimama na kuutoa kabla haujachemka. Huo ni ujuzi mwingine. Pachadi imekurahisishia: mtindi usiupeleke jikoni.

Upige mtindi kwanza kwenye bakuli lake kwa uma au mchapo mpaka uwe laini bila mabonge. Usiupige kwa blenda, utakuwa maji. Chukua vijiko 2 vya mchanganyiko wa tango, vikoroge kwenye mtindi, ili vizoeane joto. Halafu mimina mtindi wote kwenye sufuria, koroga kwa mwiko ukielekea upande mmoja, taratibu.

Onja chumvi sasa, si kabla. Mtindi umepunguza kila kitu. Mara nyingi inahitaji robo kijiko zaidi.

Utajua umefaulu ukipitisha mwiko katikati na njia yake ikabaki wazi kwa sekunde moja kabla ya kujifunga. Iwe nzito kuliko uji, nyepesi kuliko mtindi uliouanza nao.

HATUA YA 7: Tadka, yaani viungo vya kukaanga mwisho

Hii ni haraka, kwa hiyo kila kitu kiwe karibu na mkono. Karipata ziwe zimekaushwa kwa kitambaa. Tone la maji kwenye mafuta ya moto litakurukia usoni.

Pasha mafuta ya nazi kwenye kikaango kidogo, moto wa wastani. Tupa punje moja ya haradali. Ikipasuka ndani ya sekunde chache, tia zilizobaki na ufunike nusu, maana zitaruka kama bisi. Mlio ukianza kupungua, tia pilipili kavu zilizokatwa mara mbili, hesabu hadi 5, tia karipata, zima moto. Karipata zitalia, kisha zinyamaze. Zikinyamaza, mimina vyote juu ya pachadi.

Haradali zisizopasuka zinabaki chungu na ngumu menoni. Pilipili zikiwa nyeusi, mafuta yameungua, anza upya. Ni kijiko kimoja tu cha mafuta, hasara yake ndogo kuliko kuharibu kazi ya saa nzima.

Watu huniuliza kama wanaweza kutumia mafuta ya kawaida. Unaweza, lakini harufu ya mafuta ya nazi yakikutana na karipata ndiyo inayomfanya mtu wa Kerala aliye ughaibuni asimame mlangoni na kuuliza nani anapika.

Usiikoroge tadka yote ndani. Acha ielee, igeuze mara moja tu, kisha funika bakuli dakika 20 kabla ya kula.

KAMA IMESHAHARIBIKA

Imekuwa maji: saga vijiko 3 vingine vya nazi bila maji mengi, changanya. Usitie unga wa ngano wala wa mahindi, nimeona mtu akifanya hivyo na ilinata kama gundi ya maandazi.

Imekatika: hairudi, lakini inaokoleka kiasi. Chuja maji yaliyojitenga, piga nusu kikombe cha mtindi mpya wa baridi, changanya. Itakuwa na chembe kidogo, ladha ipo.

Imekuwa chungu: ongeza mtindi na nazi, na sukari guru kipande cha ukubwa wa harage. Ikishindikana, kubali.

Imezidi chumvi: mtindi zaidi, au tango jingine lililopikwa bila chumvi.

UKISHAIWEZA YA TANGO

Bitiruti ndiyo ya kwanza kujaribu. Iparuze (hii inaruhusiwa), ipike na maji kidogo mpaka ilainike, hatua nyingine ni zile zile. Inatoka na rangi ya waridi iliyoiva sana, na kwenye karamu ya Onam, ile ya jani la mgomba mwezi Agosti au Septemba, jicho linaiona kwanza kabla ya vitoweo vingine vyote.

Bamia ni tofauti kidogo. Zikate pete nyembamba, zikaange kwenye mafuta mpaka ziwe kavu na zenye kulia, zichanganye na nazi na mtindi dakika ya mwisho tu. Ukizitia mapema utapata mlenda. Karela nayo hufanywa hivyo hivyo, na uchungu wake ukikutana na mtindi unatulia kwa namna ambayo sikuitarajia.

Ya nanasi au embe bivu hutiwa sukari guru na pilipili kavu, mtindi unapungua kuwa robo kikombe. Chechi aliipenda hiyo kuliko zote. Mimi bado naona ni kitindamlo kilichopotea njia.

KULA NA KUHIFADHI

Iliwe na wali mweupe na mchuzi wa dengu, au sambar, yaani mchuzi mchachu wa dengu na mboga. Wali wa nazi sikushauri, nazi juu ya nazi inachosha ulimi. Pamoja na pilau, mahali ambapo ungeweka kachumbari, inakaa vizuri sana, ingawa hakuna mtu wa Kerala aliyenituma kusema hivyo. Meza moja na samaki, chechi hakukubali katu: kwao samaki na mtindi haviliwi pamoja, na hakuwa tayari kujadili.

Nje ya friji iliwe siku ile ile, hasa kwenye joto la Pwani, kwa kuwa mtindi unaendelea kuchacha. Ndani ya friji inakaa siku 2. Kesho yake utakuta vipande vyeupe vigumu juu, na hapo ndipo watu wanaitupa wakidhani imeota ukungu. Ni mafuta ya nazi tu, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Usiipashe moto. Iache mezani dakika 20, koroga, yatalainika yenyewe.